Magari Matano ya Mwaka Mmoja

Fundi alinikataza kuhangaika na miaka mingine. Gari nililokuwa nalitaka, dogo la Kijapani lenye milango mitano, lilitoka kiwandani kwa miaka mingi mfululizo, lakini yeye aliuamini mwaka mmoja tu: elfu mbili na sita.

"Za mbele ya pale, zile za zamani, ziko zinakunywa mafuta sana," aliniambia, huku anajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Za nyuma, walibadirisha giaboksi, na hapa Rubavu hakuna mutu anajua kuifungua. Utafute deux mille six, madame. Ingine, acha."

Hiyo ndiyo siku ya kwanza tulipozungumza zaidi ya salamu. Garaji yake iko chini ya nyumba yangu, mwendo wa dakika tano kuelekea soko la Mbugangari: ukuta wa mawe meusi ya volkano, mabati yaliyoezekwa nusu ya uwanja, na shimo la kuingilia chini ya magari. Nilikuwa nimeipita asubuhi na jioni kwa miaka bila kugeuza kichwa, kwa sababu nilikuwa mtu wa haraka. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani na mtafsiri katika ofisi moja ya Goma. Kila asubuhi nilivuka mpaka wa Rwanda na Kongo, pale Petite Barrière, kwa miguu, katikati ya wanawake waliobeba nyanya na karoti kichwani, na kila jioni nilirudi nao, mabeseni yao yakiwa matupu. Kisha ofisi ikafungwa. Miezi mitatu baadaye mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, akafariki. Sikuolewa, sina mtoto, na ndugu yangu wa pekee alibaki Karagwe, kule Tanzania tulikozaliwa sote wawili. Alikwisha kuwa na mke, shamba na mbuzi. Hakuona sababu ya kurudi katika nchi ambayo hakuwahi kuiona.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili ieleweke ilikuwaje mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye leseni ya udereva iliyokaa sandukuni tangu siku ilipotolewa, akaamua kununua gari wakati hana mahali pa kwenda.

Binamu yangu wa Kigali alinipigia simu kunishauri ninunue kiwanja. "Gari la nini, na soko liko mlangoni kwako?" aliuliza. Nilimjibu kwamba nimeshaamua. Sikumweleza kwamba siku zilikuwa zinaweza kupita mbili, hata tatu, bila mimi kuisikia sauti yangu mwenyewe. Siku moja muuza mkate alinisalimu, nami nilipoitikia sauti ilitoka imekwaruza kama ya mtu aliyetoka kuamka. Ilikuwa saa kumi alasiri.

Basi nikashuka kwa fundi. Tulikubaliana kwamba kila gari nitakalolisikia linauzwa, tutakwenda wote kulikagua, nami nitamlipa kwa kila ukaguzi. Siku yake ya nafasi ilikuwa Jumamosi, baada ya kufunga garaji saa sita.

Gari la kwanza lilikuwa kwa dalali, karibu na uwanja wa mpira. Lilikuwa la rangi ya dhahabu, limevishwa vitambaa vipya vya viti, na ndani lilinukia marashi kama sebule ya bibi harusi. Dalali aliwasha swichi akatuonyesha namba za kilomita. Zilikuwa chache mno.

"Lilikuwa la padri," alisema. "Kanisani na nyumbani, basi."

Fundi aliinama ndani ya mlango, akapapasa chini, halafu akaniita. "Kuja uguse hapa."

Niligusa pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja, laini kama kisigino cha kandambili iliyotembelewa miaka mitano.

"Ile namba ya pale juu, mutu anaweza kuirudisha," fundi alisema. "Lakini pedali, haimuogope mutu."

Dalali akadai kwamba mpira ulikuja hivyo hivyo kutoka Japani. Fundi akaangua kicheko, akafunga mlango kwa adabu, tukaondoka. Njiani alinieleza kwamba padri wa namna hiyo angekuwa ameungamisha nchi nzima, hadi Cyangugu, mwisho wa nchi. Nilicheka hadi nikasimama. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo nilikuwa nimecheka barabarani.

Aliyapenda pia maneno yangu, kwa namna ya kuyashangaa. Yeye alikulia Goma, wazazi wake walitoka Rwanda kabla hajazaliwa, kama wangu walivyotoka, ila wao walielekea magharibi na sisi mashariki. Nyumbani sote tunasema Kinyarwanda, lakini habari za magari alizijua kwa Kiswahili na Kifaransa tu, kwa hiyo tulikuwa tunaongea Kiswahili, kila mtu na chake.

"Unasema kama redio," aliniambia. "Kila neno umelivalisha nguo yake. 'Magari haya ni mazuri.' Ju ya nini usiseme tu 'hizi gari ziko muzuri'?"

"Kwa sababu mwalimu wangu wa Karagwe angenichapa."

"Bon. Mi wa kwangu alikuwa ananichapa juu ya Kifaransa. Kiswahili aliniachia."

Gari la pili lilikuwa Kanzenze. Tulipanda kwa pikipiki mbili kupitia mashamba ya viazi, ambako kila shamba limezungushiwa ukuta wa mawe meusi, na baridi ya milimani ikaniingia mikononi. Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa amelipaki chini ya mti wa mparachichi, lina matope hadi madirishani, na nyuma alikokuwa akipakia viazi kulikuwa na udongo wa kutosha kuotesha vitunguu. Harufu yake ilikuwa ya gunia.

"Sikuliosha," mwalimu alisema. "Niliona kwamba mkija kununua gari, mlione gari."

Fundi alimpenda mtu yule papo hapo. Kwanza aliweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha injini ni baridi, kwa sababu, alinieleza, mwenye gari gumu kuwaka hulipasha moto kabla ya mteja kufika. Alichomoa kijiti cha oili, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kunionyesha jinsi ya kusoma duara lake. Aliwasha injini, akaniambia nifumbe macho nisikilize. Nilisikia mngurumo tu. "Sikiya ya chini yake," alisema. Nikasikiliza tena, na chini ya mngurumo kulikuwa na mdundo mdogo, sawasawa, usioruka.

Halafu akanipa ufunguo.

"Mi?" Niliropoka kama yeye, bila kujua.

"Gari ni ya nani? Ni mi nitaendesha kila siku?"

Niliendesha. Barabara ya vumbi, mita mia tatu kwenda na mia tatu kurudi, injini ikanizimikia mara nne, na kila ilipozima fundi alitazama dirishani kama vile anahesabu ng'ombe. Tuliporudi, mke wa mwalimu alikuwa ameandaa viazi vya kuchemsha na maziwa mgando. Tulikaa hapo hadi jua likalegea. Mwalimu alisimulia jinsi gari lile lilivyowahi kumpeleka binti yake hospitali, jinsi lilivyovuka maji ya mvua yaliyowashinda wenye magari makubwa. Nilikula viazi vitano. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Tulipokuwa tunangoja pikipiki fundi alisema, "Ile ndiyo gari. Usiende mbali tena."

Nikamjibu kwamba harufu ya viazi haitatoka.

Alinitazama. "Harufu?"

"Ndiyo. Na rangi yake siipendi."

Akasimamisha pikipiki mbili. Nami wakati ule niliamini kabisa kwamba tatizo lilikuwa harufu.

Gari la tatu lilikuwa la askari mstaafu aliyerudi kutoka Uganda, mtu aliyenyooka, aliyechanganya Kiingereza katika kila sentensi, na aliyekuwa na faili lenye risiti za kila taa aliyobadilisha. Gari lake lilikuwa jeupe, na alipofungua boneti injini iling'aa kama sahani. Mimi nilivutiwa. Fundi alirudi nyuma hatua moja.

"Uliinawisha leo?" alimuuliza.

"Jana."

"Ju ya nini?"

"Usafi," askari alisema kwa mshangao wa kweli.

Fundi aliniambia pembeni kwamba injini iliyooshwa haisemi kitu. Ukitaka kujua inavujia wapi, lazima uione na vumbi lake. Tukaomba kurudi wiki inayofuata, askari akaahidi kutoliosha. Jumamosi iliyofuata tulilikuta na vumbi, na katika vumbi lile kulikuwa na mstari mweusi mwembamba ulioshuka kutoka ubavuni mwa injini. Oili. Si nyingi. Askari aliinama akautazama kwa huzuni, kama mtu aliyegundua doa kwenye sare.

"Inaweza kutengenezwa," fundi alisema. "Si kazi kubwa. Mi naweza kuifanya siku mbili. Na gari ni muzuri."

Wote wawili wakanigeukia.

"Nitafikiri," nikasema.

Gari la nne hata sitalieleza sana. Lilikuwa la mfanyabiashara, karibu na ufukwe, la kijivu, limegongwa na kunyooshwa. Fundi alilitambua kutoka ng'ambo ya barabara kwa kuangalia nafasi kati ya milango, iliyokuwa pana juu na nyembamba chini. Hatukukaa hata dakika kumi. Nakumbuka nilisikitika, si kwa sababu ya gari, bali kwa sababu ilikuwa saa nane tu na Jumamosi ilikuwa imekwisha. Nikamwomba tunywe soda. Tulikaa kwenye ukingo wa saruji unaotazama ziwa, yeye na Fanta, mimi na maji. Watu walikuwa wanaogelea. Nilimuuliza maswali juu ya klachi ambayo majibu yake nilikuwa ninayajua tayari.

Alijibu mawili, halafu akaweka chupa chini.

"Dada," alisema. Tangu Kanzenze alikuwa ameacha kuniita madame. "Ile ya mwalimu ilikuwa muzuri. Ya askari ilikuwa muzuri. Uko unatafuta nini?"

"Gari," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akamaliza Fanta yake. Simu yake ikalia, akasema kwa Kinyarwanda kwamba yuko njiani, akainuka.

Jumatano ya wiki ile, jioni, nilisikia mtu anagonga geti. Nilikuta mwanamke wa rika langu, au mdogo kidogo, amevaa kitenge cha kazi, na beseni tupu la plastiki kwapani. Nilimtambua uso. Kwa miaka nilikuwa nimevuka mpaka bega kwa bega naye bila kumjua.

"Ni wewe madame wa voiture?" aliuliza.

"Ndiyo, wa gari ni mimi. Karibu."

"Mi ni bibi ya fundi."

Kwa watu wa Goma bibi ni mke. Nilimkaribisha barazani, nikamletea chai, akaiweka pembeni bila kuigusa. Alikaa mbele kabisa ya kiti, kama mtu asiyekusudia kukaa.

"Umeangalia gari ngapi?"

"Nne."

"Posho ngapi?"

Posho ndiyo Jumamosi yao. Nilizihesabu moyoni. Pamoja na zile tatu tulizofika tukakuta gari limeshauzwa, na ile ambayo mvua ilituzuia njiani, zilikuwa tisa. Sikulitamka jibu.

"Mi siko na wivu," alisema. "Usifikiri vile. Bwana yangu mi namujua. Kama shetani iko na gari ya kuuzisha, ataenda kuiangalia. Lakini sikiya, dada. Siku ingine zote mi niko barrière tangu asubuhi, na yeye iko mu garage. Posho muchana tulikuwa tunakula pamoja. Ni ile tu. Sasa mi nakula na watoto, yeye anarudi amechoka na hadisi za giaboksi."

Sikujua niyaweke wapi macho yangu.

"Naelewa," nikasema.

"Gari gani haipatikane posho tisa?" Alikuwa anazijua. "Ununue gari, dada. Ao useme hautaki gari."

Aliyasema bila ukali. Ingekuwa afadhali angepaza sauti. Aligeuka akatazama ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, meza yenye kikombe kimoja, kiti cha mama kilichofunikwa shuka.

"Uko na nani humu?"

"Niko peke yangu."

Alichukua chai, akainywa yote kwa mara moja ingawa ilikuwa moto, kama mtu anayelipa heshima. "Pole," alisema. Akachukua beseni lake, nikamsindikiza hadi getini.

Aibu niliyoisikia siku ile siwezi kuipima. Haikuwa aibu ya kushukiwa mapenzi, kwa maana hilo halikuwapo, si kwangu wala kwake. Ilikuwa aibu ya mtu aliyekutwa anakula kwenye sahani ya mwenzake, naye alidhani ameokota makombo. Nilikaa barazani nikayapitisha mawazoni magari yote manne, na kwa mara ya kwanza nikakiri kwamba la mwalimu ningelinunua siku ile ile kama ningekuwa nataka gari. Nilikuwa namlipa mtu ili awe na mimi, na mtu yule mwenyewe hakujua kwamba ndicho nilichokuwa nalipia. Au labda alijua.

Nilimtumia fundi ujumbe: wiki hii sitatoka. Akajibu, sawa dada.

Nilipiga simu Kanzenze. Mwalimu alisema gari liliondoka wiki mbili zilizopita, alilichukua mwanawe wa Musanze. La askari sikuthubutu kuliulizia, kwa kuwa kulitengeneza kungenirudisha garajini. Ijumaa niliona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka la dawa. Aina ile ile, mwaka ule ule, Rubona.

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Mwenye gari alikuwa nesi aliyehamishiwa kusini mwa nchi, mwanamke kijana, nyumba yake iko juu kidogo ya bandari, na hewa yote ilikuwa na ile harufu ya kimea inayotoka kiwanda cha bia, tamu na chachu. Gari lilikuwa la bluu. Niliweka kiganja changu juu ya boneti. Baridi. Nesi alinitazama kwa udadisi. Nilipapasa pedali, nikalinganisha na namba za kilomita, vikakubaliana. Nilitazama nafasi za milango yote mitano. Nilidondosha oili kwenye karatasi niliyokuja nayo kwenye mkoba. Nilipiga magoti kwenye changarawe nikatazama chini, gauni likapata vumbi, hapakuwa na mstari mweusi.

"Wewe ni fundi?" nesi aliuliza.

"Hapana. Nilifundishwa."

Mlango wa nyuma wa kushoto rangi yake ilikuwa mpya kidogo kuliko ya mingine. Nilimuuliza. Aliona haya, akanionyesha nguzo ya geti lake, ambako alama ya bluu ilikuwa bado ipo. "Wiki yangu ya kwanza," alisema. Nikaamini.

Nilimwomba awashe. Nilifumba macho, nikasikiliza ya chini yake. Mdundo ulikuwepo, sawasawa, hauruki. Nilisikiliza kwa muda mrefu hadi nesi akauliza kama kuna shida.

"Hakuna," nikasema. "Nalichukua."

Jumatatu tulimaliza mambo ya karatasi mjini, nikarudi naye Rubona kuchukua gari. Alinikabidhi funguo mbili na kifaa cha kupimia upepo wa magurudumu, akalipapasa paa lake, akaingia ndani haraka. Nami nikawa nimeketi nyuma ya usukani, mbele yangu barabara ya kando ya ziwa yenye kona zake na miteremko yake, na kiti cha pembeni hakina mtu.

Injini ilinizimikia mara mbili kabla sijatoka barabara ya vumbi. Kwenye mpando wa kwanza lori la kreti za bia lilinikaribia nyuma hadi likajaa katika kioo chote. Nilimsikia dereva wake anapiga honi. Nilisema kwa sauti, "Taratibu. Usiangalie nyuma. Angalia mbele," na nilishtuka kuisikia sauti yangu imejaa gari zima. Nikaendelea kujisemesha hivyo hivyo hadi mjini, kila kona nikijitangazia. Lori lilinipita mahali palipopanuka, dereva akanipungia mkono, sijui kwa dharau au kwa kunipa moyo. Nilifika. Niliingiza gari getini bila kugusa nguzo, nikazima, nikavuta breki ya mkono.

Nilikuwa nimechagua vizuri. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Na sikuwa na wa kumwambia.

Nilimpigia ndugu yangu Karagwe. Alifurahi, aliuliza la rangi gani, nikamwambia bluu, akasema hongera sana dada, kisha akaniambia mbuzi wake wawili wameibwa, na salio langu likaisha. Niliketi ndani ya gari kwa muda. Jirani wa upande wa juu alipita akatazama, akasema, "Mmepata wageni?" Nikamjibu hapana, ni langu. "Ni zuri," akasema, akaenda zake.

Siku tatu baadaye nililishusha garajini. Habari zilikuwa zimenitangulia, mji wetu ni mdogo. Fundi alikuwa chini ya gari la mtu, akatoka, akajifuta mikono, akasimama akalitazama langu kwa mbali kwanza.

"Nilisikia," alisema. "Ulienda peke yako."

"Ndiyo."

"Ju ya nini haukuniita?"

Ningeweza kumwambia. Mkewe hakuniomba nifiche. Lakini nilimwona na kile kitambaa chake mkononi, ameumia kidogo, na nikaona kwamba nikimwambia nitampelekea nyumbani kwake jambo ambalo wamekwisha kulimaliza, au hawajalianza.

"Nilitaka kujaribu kama nimejifunza," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Alilizunguka gari, kiganja juu ya boneti, kidole kwenye nafasi za milango, akapapasa pedali. Alipofika kwenye mlango uliopakwa upya akageuka.

"Nguzo ya geti," nikamwahi.

"Bon." Alifungua boneti, akaniambia niwashe, akasikiliza, naye akiwa amefumba macho. Wateja wawili walikuwa wanamsubiri. "Iko muzuri," alisema hatimaye. "Kama ile ya mwalimu. Labda kuzidi kidogo. Kisha miezi tatu ulete, nibadirishe oili, madame."

Madame. Hakulisema kwa chuki. Lilitoka lenyewe, kama linavyotoka kwa kila mteja, na nadhani hata hakulisikia. Nilimshukuru, nikamlipa ukaguzi, akakataa, nikaziacha pesa juu ya pipa la oili, nikaondoka kwa uangalifu kwa sababu wateja walikuwa wananitazama.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Gari haliniletei shida. Nakwenda nalo sokoni, ambako ningeweza kwenda kwa miguu, na Jumapili kanisani, na mara moja nilifika nalo hadi Musanze, nikanywa chai nikarudi. Jumamosi ndizo ngumu. Mara nyingine nalipeleka ufukweni na kukaa ndani yake, madirisha wazi, hadi njaa inirudishe nyumbani. Oili hubadilishwa kila miezi mitatu. Fundi huniuliza habari, nami humjibu njema.

Mwezi uliopita, siku ya mvua kubwa, nilikuwa natoka benki nikapita njia inayotoka Petite Barrière. Wanawake walikuwa wamejibanza chini ya paa la kibanda, na ukingoni, nusu yake ikilowa, alikuwa mke wa fundi. Beseni lake lilikuwa limejaa. Sijui siku hiyo walikuwa wamezuiwa kuvuka au soko lilikuwa baya. Nilisimama, nikashusha kioo.

Alinitazama, akatazama gari. Nilidhani atakataa. Kisha akaja, tukalipakia beseni nyuma pamoja, akakaa pembeni yangu maji yakimtiririka kwenye kitambaa cha kichwa. Alinielekeza njia kwa kidole. Mvua ilikuwa inapiga paa, na nilikuwa nafikiria kona tu, na wapita njia wasioangalia. Tulipokaribia kwao alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza.

"Inasikilika muzuri," alisema.

"Ndiyo."

"Asante, dada."

Nilimsaidia kujitwika beseni, akavuka uwanja wenye matope hadi mlangoni kwake, mtoto akamfungulia, mlango ukafungwa. Pale mbele ya nyumba yao ni pembamba. Kugeuza gari bado kunanichukua mara tatu, wakati mwingine nne. Nikaligeuza, nikapanda nalo kwenda nyumbani.